Kufunga breki za mkono za kukatia kona kwenye bagi: kagua nati kabla hujashangilia leva

Ukienda Urambo au Kaliua msimu wa kulima, ukasimama pembeni ya shamba ukamwangalia dereva wa trekta akifika mwisho wa tuta, utaona hageuzi kwa usukani peke yake. Massey Ferguson ina pedeli mbili za breki, moja ya tairi la nyuma kushoto na nyingine ya kulia, jamaa akifika mwisho anakanyaga ile ya upande wa ndani ya kona, tairi lile linaganda, lingine linasukuma, na trekta linazunguka palepale. Akitoka shambani kurudi barabarani anaziunganisha pedeli zote mbili kwa kile kichuma chake zinakuwa kitu kimoja. Breki za mkono za kukatia kona kwenye bagi, vile vigari vya wazi vya kuchezea mchangani na porini, ni akili hiyohiyo, ila badala ya pedeli mbili unakuwa na leva mbili ndogo zimesimama karibu na gia, ya kushoto inabana tairi la nyuma kushoto, ya kulia inabana la kulia.

Na bagi inazihitaji kuliko gari la kawaida. Bagi nyingi zinatokana na Volkswagen Beetle, injini iko nyuma, pua nyepesi, sasa ukiingia kwenye mchanga kama huu wetu wa njia za kwenda Sikonge unakata usukani mpaka mwisho na matairi ya mbele yanateleza tu juu ya mchanga, gari linaendelea kwenda mbele kwenye mti. Ukivuta leva ya ndani ya kona nyuma ndo inageuza gari.

Mi nimefunga hizi leva kwenye bagi tatu hapa Tabora mjini. Ya kwanza ilinipa somo zito, ntalieleza mbele, hizo mbili nyingine zinatembea mpaka leo. Naandika kwa mtu ambaye tayari anajua kushika spana na bagi yake ina breki za mguu zinazoshika vizuri. Kama pedeli yako inazama au gari linavuta upande ukikanyaga, tengeneza hilo kwanza, maana leva zinatumia shuu zilezile (vile vibao vinavyobana), dramu zilezile (chuma cha duara kinachozunguka na tairi) na mafuta yaleyale ya breki, haziongezi chochote kwenye breki mbovu.

Anza na difu

Difu ni zile gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Hatua hii haihitaji kufungua kitu. Pandisha nyuma kwa jeki, weka stendi mbili imara chini ya chasisi, kaba matairi ya mbele kwa magogo, shusha hendibreki, injini imezimwa, ingiza gia namba moja. Zungusha tairi moja la nyuma kwa mkono. Kama la upande wa pili linazunguka kinyume, difu iko huru na kazi yako inawezekana. Kama yote mawili yanagoma, difu imefungwa, na huku kwetu mara nyingi maana yake kuna fundi aliwahi kuichomelea ili gari lisikwame. Difu ya kuchomelea haiendani na hizi leva kabisa, kwasababu ukibana tairi moja umebana yote, gari haligeuki, mzigo wote unaishia kwenye shafti.

Difu huru ndo inayofanya kazi yote hapa. Ukizuia tairi la kushoto mzunguko wake unahamia la kulia, likisimama kabisa la kulia linazunguka mara mbili ya kasi ya kawaida. Ndo maana gari linageuka, na ndo maana pia usishikilie leva muda mrefu kwa moto mkubwa, yaani umekanyaga sana pedeli ya mafuta, zile gia ndogo ndani ya difu hazikutengenezwa kuzunguka hivo kutwa nzima.

Kama gari ulilotumia lina ABS, yaani breki za umeme zinazozuia tairi kuganda, usiguse hii kazi.

Leva zipi

Zipo za kununua, za kampuni kama Jamar na CNC za Marekani, mtu anaagiza au anatumiwa kutoka Dar. Ndani kila leva ina pampu yake ndogo. Mafuta kutoka masta ya mguu, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli, yanaingia nyuma ya pampu, yanapita kwenye kitundu kidogo sana mbele ya kapu ya raba (ile raba ya duara inayoziba mbele ya pistoni), yanatoka kwenda tairini. Leva ikiwa imelala mbele, kitundu kiko wazi na mguu unafanya kazi kama kawaida. Ukivuta, kapu inapita kitundu, inakifunga, na kuanzia hapo unasukuma mafuta ya tairi moja tu. Shika hii picha kichwani maana matatizo karibu yote ya hii mitambo yanarudi kwenye kile kitundu.

Mafundi wengi wananiambia kaka mbona rahisi, tunachukua masta mbili za klachi za Toyota tunazitengenezea leva basi. Hapana. Masta ya klachi mlango wake wa kuingizia mafuta ni wa kupokea kutoka kwenye kikopo, mafuta yanashuka yenyewe bila presha, imeshikwa na raba tu. Wewe unataka kuiunga kwenye njia ya breki ya mguu, na ukikanyaga kwa nguvu presha pale inaweza kupita bar 70 (bar moja ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba), ile raba itaruka na breki zote za nyuma zitaondoka nayo. Kama unataka kutengeneza mwenyewe lazima upate pampu ambayo mlango wa kuingilia nao una meno ya nati, siyo mdomo wa hozi.

Kuhusu ukubwa wa pampu, piga hesabu kidogo. Leva yenye urefu wa sentimita 30 kutoka kwenye pini mpaka mkononi, na sentimita 5 kutoka kwenye pini mpaka kwenye fimbo ya kusukuma, inazidisha nguvu yako mara 6. Ukivuta kilo 20 pampu inapokea 120. Pistoni ya milimita 19 ina eneo kama sentimita za mraba 2.8, unapata kilo 42 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya milimita 16 ina eneo kama 2, unapata 60. Kwaiyo ndogo inabana zaidi, lakini inasukuma mafuta kidogo, leva itasafiri mbali zaidi kabla haijashika. Kwa dramu za Beetle mi napenda ya 19, mkono haukimbii mbali.

Kwa asiye na hela ya leva za mafuta, iko njia ya kebo na siyo ya kudharau. Hendibreki ya Beetle ina kebo mbili tangu kiwandani, kila moja inaenda tairi lake, zimeunganishwa tu kwenye leva moja. Ukiweka leva mbili, kila moja na kebo yake, umeshapata breki za kukatia. Waingereza wanaoshindana kupanda milima ya matope na vigari vyao vidogo wametumia mtindo huu miaka mingi. Kwa bagi za staili ya Meyers Manx, zile zilizoanzia California miaka ya 60, chasisi ya Beetle inakatwa kama sentimita 36 ili iwe fupi, kwaiyo kebo zinabaki ndefu na lazima uzifupishe au utengenezeshe upya. Udhaifu wake ni kwamba kebo inavutika, nguvu ni ndogo kuliko mafuta, na vumbi likiingia kwenye ala yake inakuwa ngumu, na hakikisha bado umebaki na namna ya kuziloki zote mbili ukiegesha maana umeshaila hendibreki yako. Kuanzia hapa naongelea za mafuta.

Sehemu ya kuzifunga

Kaa kwenye kiti chako, funga mkanda kabisa, vaa helmeti kama unavaa, alafu funga macho nyoosha mkono kama unatafuta gia. Pale mkono unapoangukia, sentimita chache pembeni, ndo kwenye leva. Ukizipima umesimama nje ya gari utakuja kugundua ukiwa umefunga mkanda hufiki. Zisimame zimelala mbele kidogo ili ukivuta mpaka mwisho kiwiko chako kisigonge kiti. Nafasi kati ya mipini ya leva mbili iwe ndogo kiasi kwamba unaweza kukamata zote kwa kiganja kimoja, hiyo inasaidia sana ukitaka kushika gari mlimani huku mguu uko kwenye moto.

Chini yake bati la sakafu la Beetle peke yake halitoshi, litacheza na baadae litapasuka. Weka sahani ya chuma ya milimita 4 chini na leva juu, bolti nne za M8 zenye alama ya 8.8 kichwani, nati za kujiloki. Kama bagi yako ni ya mabomba, chomelea brakete kwenye bomba lenyewe. Kabla ya kuchomelea chomoa betri, toa tenki la petroli au lisogeze mbali kabisa, na usichomelee karibu na paipu yenye mafuta ya breki ndani.

Paipu, hapa ndo kazi ilipo

Kwenye Beetle paipu moja ya nyuma inapita kwenye mfereji wa katikati mpaka karibu na giaboksi, pale kuna T inayogawa kushoto na kulia. Hiyo T inaondoka. Sasa paipu kutoka masta inakuja kwenye leva, na kutoka kwenye leva zinatoka mbili, kila moja inakwenda tairi lake bila kukutana popote. Kama nyuma yako ni ekseli nzima ya Hiace au Suzuki, kumbuka pale kuna hozi moja tu inayoshuka kutoka chasisi kwenda ekseli, utahitaji hozi ya pili, na zote ziwe na urefu wa kutosha ekseli ikining'inia mpaka chini.

Paipu iwe ya chuma ya breki ya milimita 4.75. Nawaomba sana msitumie paipu ya shaba ya friji. Najua inakunjika vizuri na inapatikana mpaka kwa fundi friji wa mtaani, lakini mtetemo unaifanya kuwa ngumu na siku moja inapasuka mdomoni ukiwa speed. Midomo ya paipu nayo inatofautiana, ya Kijerumani imevimba kama kauyoga, ya Kijapani na ya Kimarekani imekunjwa ndani mara mbili ikawa kama kafaneli. Mdomo wa aina moja ukiuingiza kwenye tundu la aina nyingine utaziba leo na kuvuja kesho.

Sasa lile somo. Leva zangu za kwanza zilikuja na paipu fupi zenye nati za inchi, 3/8, meno 24 kwa inchi. Tundu kwenye silinda ya tairi lilikuwa la milimita 10, meno ya milimita 1. Nati ya 3/8 ni milimita 9.5 na meno yake yanakaribiana mno na ya milimita 1, kwaiyo iliingia, ikakaza, nikatoa upepo (hewa iliyonasa kwenye mafuta ya breki), pedeli ikawa ngumu safi, nikaona kazi imeisha. Tukatoka na mdogo wangu kuelekea bwawa la Igombe. Mbele kuna ng'ombe wamekatiza, nikakanyaga, nikasikia kama kitu kimeruka nyuma na pedeli ikazama karibu na sakafu. Ilitushika breki ya mbele tu, kwasababu masta ilikuwa ya njia mbili, ya mbele na ya nyuma zinajitegemea. Ingekuwa masta ya zamani ya njia moja tungeingia kwenye wale ng'ombe na mchungaji wao, mtoto wa miaka kama kumi hivi. Mpaka leo nikishika nati ya breki namkumbuka yule mtoto.

Kwaiyo kila nati, kila moja, pima kwa vernia, kile kipimo cha unene cha mafundi. 9.5 na 10 siyo ndugu. Kama huna vernia, ingiza nati kwa vidole bila paipu, ikiingia huku inachezacheza pembeni siyo yake, nati sahihi inaingia raundi zote imetulia. Ukikuta leva ina matundu ya inchi na gari ni la milimita, usilazimishe, tafuta adapta au mpe mtu wa lathe akuchongee kwa chuma, siyo kwa aluminiamu. Na zile nati za mdomo wa paipu haziwekwi utepe mweupe wa mafundi bomba, zinaziba kwa mdomo wenyewe, kipande cha utepe kikikatika kikaingia ndani kinakwenda kuziba kile kitundu nilichosema.

Kupitisha paipu ni uvumilivu tu. Mbali na ekzosi, klipu kila sentimita 30, kila tundu la bati liwe na raba, na karibu na leva zungusha paipu duara moja au mbili ili mtetemo umezwe pale. Safisha paipu kwa spiriti, usitumie petroli wala dizeli, raba za breki zinavimba.

Kabla hujatoa upepo rekebisha shuu. Watu wanaruka hii alafu wanalalamika leva hazishiki. Kwenye Beetle kuna nati mbili za nyota kila upande, kaza kwa bisibisi mpaka dramu igande, rudisha nyuma meno mawili matatu mpaka lizunguke huku linagusa kidogo. Shuu zikiwa mbali, pampu ndogo ya leva inamaliza safari yake kabla hazijagusa dramu, na hakuna kiasi cha kutoa upepo kitakachokusaidia.

Alafu angalia fimbo ya kusukuma ndani ya kila leva. Leva ikiwa imelala lazima kuwe na uhuru mdogo, kama milimita 1, kabla fimbo haijagusa pistoni. Ukiibana isicheze kabisa kapu inaweza kukaa juu ya kile kitundu, breki ya mguu haifiki tairini, au inafika na hairudi, mafuta yanapata joto yanatanuka, dramu inaanza kunuka.

Kutoa upepo

Tumia mafuta ya breki yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, chupa mpya iliyofungwa, maana haya mafuta yanavuta maji kutoka hewani. Yakimwagika kwenye rangi osha na maji haraka.

Muwe wawili. Jaza kikopo, legeza nati ya kuingilia kwenye leva kidogo, msaidizi akanyage taratibu mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Fanya hivo na za kutokea. Ndo uende kwenye matairi, anza na lile lenye paipu ndefu zaidi, hozi ndogo kwenye nipo (kile kichuchu cha kutolea upepo nyuma ya tairi), ncha yake imezama kwenye chupa yenye mafuta. "Kanyaga dogo." "Nimekanyaga kaka." "Shikilia hapohapo." Fungua, inazama, funga, ndipo aachie. Mkishamaliza kwa mguu rudieni kwa leva, vuta, fungua, funga, rudisha leva polepole. Pampu za leva zinalala, povu linapenda kujificha nyuma yake, kwaiyo kama leva inabaki laini pandisha jeki mpaka mdomo wa kutokea uwe juu kuliko sehemu nyingine za pampu, gonga pampu kwa mpini wa bisibisi, rudia. Bagi yangu ya pili ilichukua jioni nzima na chupa mbili.

Mwisho wa hii hatua kanyaga mguu kwa nguvu zako zote dakika moja nzima huku mtu anapita na kitambaa kikavu kwenye kila nati. Kikilowa popote, hamtoki.

Kujaribu

Gari likiwa bado juu ya stendi na matairi ya mbele yamekabwa, washa, gia ya kwanza, sailensa ya kawaida bila kukanyaga moto. Vuta kushoto kidogo, kushoto lisimame na kulia liongeze kasi. Vuta kulia, kinyume chake. Ukikuta leva ya kushoto inasimamisha kulia, umepishanisha paipu, badilisha sasa hivi, usijiambie utazoea.

Alafu tafuta uwanja wa mchanga usio na watu. Na watoto wa mtaani wakisikia bagi wanakuja mbio, mweke mtu mzima wa kuwazuia mbali kabisa, maana gari lenye hizi breki linageuka ghafla kuliko macho yao yalivyozoea. Kuna mzee mmoja amestaafu kuendesha trekta za tumbaku, nilimwamkia nikamwonesha leva akacheka kwa furaha, akaniambia, "Mwanangu, usukani kwanza, breki ifuate. Ukianza na breki chuma kinakurusha." Ndo hivo hasa. Kilomita 10 kwa saa, kata usukani, punguza moto, vuta leva ya ndani taratibu mpaka usikie nyuma inazunguka, achia, ongeza moto. Usijaribu kwenye lami wala kwenye udongo mgumu uliokauka, tairi linashika ardhi, gari halitelezi na bagi inakwenda ubavu.

Kwa matumizi ya huku, ukweli ni kwamba leva zimenisaidia kwenye kukwama kuliko kwenye kona. Masika ukishuka kwenye mbuga za Igunga, ule udongo mweusi, tairi moja linaanza kuzunguka bure na lingine limetulia tu. Vuta leva ya lile linalozunguka, kidogo, huku moto uko chini, nguvu inahamia kwa mwenzake lenye kushika na gari linatambaa linatoka. Ukivuta sana unazima injini, ukivuta kidogo sana halihami, mkono unajifunza ndani ya siku moja.

Usiegeshe gari kwa leva hizi, presha inashuka yenyewe, hendibreki ya kebo ibaki kwenye gari. Kiangazi vumbi la Tabora linaingia kwenye fimbo za pampu na kukwangua, mi nakata kipande cha tyubu ya baiskeli navalisha kila pampu nafunga na waya mwembamba, bado ni kavu mpaka leo. Baada ya safari mbili tatu za mwanzo kaza shuu tena, na kila unaporudi kutoka porini, kabla hujazima injini, kanyaga, vuta kushoto, vuta kulia, alafu shuka uangalie nyuma ya kila tairi kama pana unyevu.